Nafsi katika Usaili wa Kazi: Lugha ya Msailiwa Mbele ya Waajiri wa Arusha

1.0 Utangulizi

Neno usaili limetokana na kitenzi saili, yaani kuuliza kwa kutaka kujua. Katika matangazo ya ajira ya Tanzania neno hili limekwisha kuzaa ukoo mzima: msaili, msailiwa, jopo la usaili, wito wa usaili. Tendo lenyewe, hata hivyo, mara nyingi huzungumzwa kana kwamba ni suala la vyeti na ujasiri tu. Vijana huambiwa wavae vizuri, wafike mapema na wajiamini. Ushauri huo si mbaya, lakini hauigusi lugha, na usaili ni tendo la lugha tangu salamu ya kwanza hadi neno la kuagana.

Makala haya yanaangalia jambo moja katika lugha hiyo, nalo ni namna msailiwa anavyojitaja kuwa mtenda wa yale aliyoyatenda. Dai lake ni kwamba waajiri wa aina mbalimbali hutofautiana zaidi katika matarajio yao juu ya nafsi kuliko katika lugha wanayoitumia, na kwamba msailiwa anayezungumza Kiswahili tayari anazo katika sarufi yake nyenzo za kukidhi matarajio hayo bila kusema uongo na bila kuvunja adabu. Kinachomwangusha ni kutojua nyenzo ipi itumike mbele ya nani.

Kata ya Levolosi katika Jiji la Arusha ni mahali panapofaa kulitazamia suala hili. Kijana anayeishi hapo amezungukwa na waajiri wasiofanana hata kidogo. Zipo ofisi za serikali na za halmashauri. Yapo makao makuu ya Hifadhi za Taifa na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu 2007 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo imekuwa na makao yake Arusha. Kati ya 1995 na 2015 jiji hili lilikuwa pia kituo cha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoendesha kesi zake katika majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa. Zipo kampuni za utalii, zipo taasisi za makanisa na misikiti, na yapo maduka na maghala ya watu binafsi ambayo hayajapata kutangaza nafasi ya kazi gazetini tangu yaanzishwe. Kijana huyo anaweza kuitwa na watatu kati ya hao katika mwezi mmoja. Vyeti vyake ni vilevile na maisha yake ni yaleyale. Anayesikiliza ndiye anayebadilika.

2.0 Utanzu mgeni

Yafaa ikumbukwe kwamba usaili wa ushindani si utanzu wa siku nyingi kwa Watanzania wengi. Katika miongo ya mwanzo baada ya uhuru, wahitimu walikuwa wachache na nafasi zilikuwa nyingi. Mhitimu wa chuo kwa kawaida alipangiwa kituo cha kazi na serikali. Alipokea barua, akafunga mzigo, akaenda kuripoti. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliitanua sekta ya umma na kuufanya mpango huo uonekane wa kawaida. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya themanini na tisini yaliubomoa. Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002, pamoja na marekebisho yake ya 2007 yaliyounda Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliuweka usaili wa ushindani katikati ya utaratibu wa kuingia kazini.

Matokeo yake kwa upande wa lugha hayajasemwa vya kutosha. Mzazi humfundisha mtoto kusalimia, kuposa, kuomba radhi, kutoa pole msibani na kuzungumza barazani, kwa sababu yeye mwenyewe alifundishwa hayo. Wazazi wengi hawakuwahi kusailiwa, na kwa hiyo hawana cha kurithisha. Kijana anapoingia mbele ya jopo huazima kanuni kutoka tanzu nyingine anazozijua: darasani mbele ya mwalimu, ofisini kwa mtendaji wa kata, au nyumbani mbele ya baba mkubwa. Katika tanzu hizo zote anayeulizwa hutakiwa ajibu kwa ufupi, asijikweze, wala asimkazie macho mkubwa wake.

3.0 Mimi, sisi na tendo lisilo na mtenda

Katika Kiswahili nafsi ya mtenda hubebwa na kiambishi awali ndani ya kitenzi. Linganisha:

(1) Nilirekebisha leja.
(2) Mimi nilirekebisha leja.
(3) Mimi ndiye niliyerekebisha leja.
(4) Tulirekebisha leja.
(5) Leja ilirekebishwa.

Sentensi ya (1) inajitosheleza. Kiambishi ni- kimekwisha kumtaja mtenda. Kiwakilishi mimi katika (2) hakiongezi taarifa bali mkazo: kinamtenga msemaji na wengine. Katika (3) utengano huo unakuwa dai kamili, kwamba hakuna mwingine aliyetenda. Katika Kiingereza hali ni tofauti. Kiwakilishi cha nafsi ya kwanza ni cha lazima katika sentensi ya kawaida, na kwa hiyo hakina mkazo wowote. Ni sawa na ni- ya Kiswahili, wala si sawa na mimi.

Tofauti hii ndogo ya kisarufi ina madhara makubwa katika usaili. Vitabu vya mwongozo vilivyoandikwa kwa Kiingereza humwonya msailiwa asijifiche katika wingi, bali ajitaje. Onyo hilo likitafsiriwa kijuujuu huwa “sema mimi”, na kijana anayelifuata akiwa mbele ya jopo linalozungumza Kiswahili husema: mimi nilifanya hivi, mimi nikafanya vile, mimi ndiye niliyeanzisha. Anayemsikiliza hasikii mtu anayetoa taarifa, anasikia majivuno. Kijana amefuata ushauri barabara, naye ameanguka kwa ajili ya kuufuata.

Kosa la upande wa pili ni la kawaida zaidi. Wingi wa Kiswahili haumaanishi idadi peke yake. Mtu anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga Levolosi husema “karibu kwetu”, na aliyefanya kazi usiku kucha bila msaidizi husema asubuhi “tumemaliza, mzee”. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa; anajua kazi ilikuwa ya nani na anauchukua wingi ule kuwa adabu. Msailiwa yuleyule akiuhamisha wingi huo katika Kiingereza mbele ya jopo la shirika la kimataifa, wajumbe huuchukua kama ulivyo. Wanaandika kwamba kazi ilifanywa na kikundi na kwamba mchango wa mwombaji haukudhihirika. Jibu la kweli limepata alama ya chini, wala hakuna mtu aliyekusudia kumdhulumu mwenziwe.

Gumperz (1982) aliyachunguza matukio ya namna hii nchini Uingereza. Mfano wake unaojulikana sana unahusu wanawake wa asili ya Bara Hindi waliokuwa wakigawa chakula katika mkahawa wa wafanyakazi wa uwanja wa ndege. Walipouliza kama mtu anataka mchuzi walilitamka neno hilo moja kwa kiimbo cha kushuka, nao wakahesabiwa kuwa wakavu na wasio na heshima, ilhali kwa kawaida ya lugha zao kiimbo hicho ndicho cha kuulizia. Baadaye Roberts na Campbell (2006), wakichunguza usaili wa kazi za kawaida katika nchi hiyohiyo, walionyesha kwamba wageni wengi hawakukosa kazi kwa sababu ya kutojua Kiingereza, bali kwa sababu ya matakwa ya usaili yaliyofichika ambayo hakuna aliyewaeleza. Arusha inatofautiana na mifano hiyo kwa jambo moja muhimu. Huku msailiwa si mgeni. Yuko mjini kwake, na bado matakwa yamefichika.

Sarufi ya Kiswahili inayo njia ya tatu, ambayo wasemaji hodari huitumia bila kuijua jina. Ni njia ya kujitaja kwa kauli ya kutendwa, ambapo msemaji anakuwa mtendwa wa imani ya mwingine: nilikabidhiwa funguo, nilipewa jukumu la kusimamia, niliachiwa ofisi. Anayesema “niliachiwa ofisi miezi miwili” amejisifu sana, lakini sifa yenyewe ameiweka mkononi mwa aliyemwachia. Karibu na njia hiyo ipo ya kutaja fungu: sehemu yangu ilikuwa, kwa upande wangu, zamu yangu ilipofika. Virai hivi humtenga msemaji na wenzake pasipo kuwafuta.

4.0 Tukio moja mbele ya waajiri watatu

Ichukuliwe mfano wa kubuni. Mtunza stoo wa shule ya bweni alipoanza kazi alikuta leja ikionyesha magunia 120 ya mahindi, na stoo ikiwa na 112. Alichunguza akagundua kwamba magunia manane yalikopeshwa shule jirani kabla ya yeye kuajiriwa, bila hati ya kutolea mali. Alitoa taarifa, na tangu hapo hakuna kilichotoka bila saini mbili. Sasa anatafuta kazi nyingine na anaulizwa aeleze jambo alilolifanya kazini.

4.1 Serikalini

Wito wa usaili serikalini humwandaa msailiwa kabla hajafungua kinywa. Humtaka aje na kitambulisho na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, na humwonya kwamba hati za matokeo hazitapokewa badala ya vyeti. Humkumbusha pia kwamba atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Lugha yote hiyo haina mtu ndani yake. Ni lugha ya utaratibu, na jopo litakalomsikiliza limezoea kuandikiana kwa lugha hiyohiyo:

(6) Mali ilihesabiwa mwisho wa mwezi kwa mujibu wa utaratibu. Ilibainika kwamba kuna upungufu wa magunia manane. Niliwasilisha taarifa ya maandishi kwa mkuu wa shule, na baada ya kupata maelekezo yake leja ilirekebishwa.

Katika (6) mtenda anaonekana mara moja tu, mahali panapohusu wajibu wake: niliwasilisha. Mengine yametendwa na utaratibu. Wapo wanaoicheka lugha hii kuwa ni ya urasimu, na kicheko hicho kina haki yake. Hata hivyo, kwa mwajiri anayekaguliwa kila mwaka, mtumishi aliyerekebisha leja kwa hiari yake bila maelekezo ni hatari, hata kama alikuwa sahihi. Kauli ya kutendwa inamwambia msaili kwamba mtu huyu anajua mipaka ya kalamu yake.

4.2 Katika mashirika ya kimataifa

Hapa usaili huandaliwa kwa kufuata umahiri unaotakiwa, na swali huja kwa sura ya kuomba kisa: eleza wakati fulani ulipokabiliwa na tatizo, ulifanya nini, na matokeo yakawa nini. Alama hutolewa kwa matendo ya mwombaji mwenyewe. Jibu la (6) likitolewa hapa litasikika kama taarifa ya mtu aliyekuwa akipita njia. Linalotakiwa linakaribia hili:

(7) Niliona tofauti ya magunia manane. Nikapitia hati za miezi iliyotangulia, nikagundua kwamba yalitolewa bila hati. Nikapendekeza kwamba kusitoke kitu bila saini mbili. Tangu hapo hesabu za kila mwezi zimelingana.

Ni jambo la kuvutia kwamba mfano huu hauna mimi hata moja. Kazi yote imefanywa na ni- pamoja na kiambishi cha masimulizi -ka-. Kila aliyekulia katika Kiswahili amesikia hadithi zikisukumwa mbele na -ka-, na kisa kinachoombwa na majopo ya kimataifa hakitofautiani sana kimuundo na hadithi hizo: palikuwa na jambo, nikafanya hili, nikafanya lile, ikawa hivi. Msailiwa anayejiandaa kwa usaili wa Kiingereza angefaidika kukisimulia kwanza kisa chake kwa Kiswahili, akihesabu ni- na -ka- zake, ndipo akivushe. Wengi huanza na sentensi za Kiingereza walizozikariri, na kisa kinafia njiani.

4.3 Dukani

Mwenye duka au ghala hasemi kwamba anafanya usaili. Husema “njoo kesho tuongee”, na mara nyingi aliyemleta mwombaji amekaa papo hapo kwenye benchi. Maswali yake ya kwanza humshangaza mhitimu: wewe ni mtoto wa nani, unakaa kwa nani, unasali wapi. Mhitimu huyaona kuwa upekuzi usiohusiana na kazi, akajibu kwa mkato. Kwa hakika hayo ndiyo usaili wenyewe. Mwenye duka hana idara ya sheria wala bima ya uaminifu. Dhamana yake ni watu. Anachotaka kujua ni nani atakayeona haya iwapo kijana huyu ataiba.

(8) Nilipokabidhiwa funguo nilikuta magunia manane hayapo. Sikunyamaza. Nilimwendea mkuu siku ileile, tukakaa tukahesabu pamoja, ikaonekana yalikopeshwa. Hata leo ukimuuliza atakuambia.

Tendo limegawanywa kati ya watu wawili kwa tukakaa tukahesabu, na kisa kinafungwa kwa shahidi anayeweza kufikiwa. Saini mbili, ambazo zilikuwa kilele cha (7), hazikutajwa. Mwenye duka angeweza kuzisikia kama dalili ya mtu atakayekuja kumfundisha kazi katika duka lake mwenyewe. Nilikabidhiwa funguo, kwa upande mwingine, ni maneno ambayo katika mazingira haya yanapita cheti.

Kampuni za utalii zina njia yao, na hazihitaji maelezo marefu. Nyingi humpima mwongoza watalii kwa kumweka kazini hapohapo: msaili anajifanya mgeni. Kwa mfano, huweza kuuliza mgeni aliyefika kibanda cha Saddle katika Mlima Meru, mita zipatazo 3,570 juu ya usawa wa bahari, akaumwa kichwa na kutapika, na bado anasisitiza kwenda kileleni, atashughulikiwaje. Anayeanza na “ningewasiliana kwanza na ofisi” amejibu la serikalini. Hapa uamuzi hutangulia, “simpandishi, namshusha”, na sababu na mawasiliano hufuata. Taasisi za dini nazo hutaka nafsi iliyotumwa: msailiwa anaeleza kazi kama wito aliopewa, na salamu ya mlangoni, iwe Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo au Asalaam aleikum, huwa jibu lake la kwanza kabla ya swali.

5.0 Salamu na macho

Suala la salamu lina utata wake, na linastahili neno moja. Shikamoo hupanga watu kwa umri, ilhali jopo hupangwa kwa vyeo. Msailiwa wa miaka 35 akikuta jopo lenye mzee mmoja na vijana wawili wa miaka 28 hana salamu moja ya Kiswahili itakayowafaa wote. Shikamooni huwainua vijana isivyo haki na kumfanya mwenyewe aonekane mdogo. Kumwamkia mzee peke yake ni kuwabagua wengine. Walio wajuzi huikwepa mizani ya umri kwa “habari za asubuhi, waheshimiwa wajumbe”, na kumwachia mzee shikamoo yake kwa kuinamisha kichwa kidogo.

Macho ni tatizo gumu zaidi katika eneo la Mlima Meru. Miongoni mwa Wamaasai na Waarusha mtoto humsalimu mkubwa kwa kuinamisha kichwa ili aguswe utosini. Aliyelelewa hivyo anapoangalia meza badala ya uso wa msaili anatoa heshima. Msaili aliyelelewa kwingine huandika kwamba mwombaji hakujiamini. Katika jambo hili si haki mzigo wote wa kujirekebisha utwikwe msailiwa. Jopo linaloketi Arusha halina udhuru wa kutoijua Arusha.

6.0 Swali la ufuatilizi

Wasaili wazoefu wa mashirika ya kimataifa wanapoona jibu limejaa wingi huuliza: wewe mwenyewe ulifanya nini? Swali hilo limewaokoa wengi, kwa kuwa linafunua takwa lililofichika. Katika Kiingereza linaulizwa kwa wepesi na kujibiwa kwa wepesi.

Swali hilo halivuki kwenda Kiswahili likiwa salama. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini Arusha 1999 uliiweka lugha ya Kiingereza kuwa rasmi katika Ibara ya 137, na kutaka Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano mapana. Kadiri Kiswahili kinavyozidi kutumiwa katika taasisi za namna hiyo, ndivyo mbinu zao za usaili zitakavyotafsiriwa, na swali hili litakuwa miongoni mwa ya kwanza. “Wewe binafsi ulifanya nini?” kwa Kiswahili ni swali la kituo cha polisi. Kiwakilishi wewe kikitangulia kitenzi chenye u- hufanya kilekile kinachofanywa na mimi: humtenga mtu na wenzake, safari hii kwa kumshuku. Si ajabu kwamba neno mahojiano hutumika kwa usaili wa kazi na kwa upelelezi pia. Msailiwa aliyeulizwa hivyo hurudi nyuma, na jibu lake hufupika badala ya kurefuka, kwa kuwa amedhani kwamba hakuaminiwa.

Lugha ina maswali yake yanayofika palepale kwa njia nyingine: Ulikabidhiwa sehemu gani? Zamu yako ilianzia wapi? Walipokuachia, ulianza na lipi? Kila moja kati ya hayo linadai nafsi ya umoja katika jibu, na hakuna hata moja linalomtaka msailiwa awakane wenzake.